Marekani: Motokari ya kukodi, avoka mmoja na kifo cha mwanahabari Ruben Salazar

Mwezi wa tatu mwaka 1971, mwanahabari mmoja na avoka mmoja walikodi motokari isiyo na paa mjini Los Angeles, wakashika barabara ya jangwa kuelekea Las Vegas. Mwendo ni wa kilomita karibu 430. Wenye kupenda vitabu wanaijua safari hiyo kwa sababu ya madawa ya kulevya, pombe na vituko vya hotelini. Wachache wanakumbuka kwamba marafiki hao wawili hawakukodi gari juu ya kujifurahisha tu. Walitafuta fasi ya kuzungumza bila kusikilizwa na mtu, na jambo walilopashwa kuzungumzia lilikuwa kifo cha mwanahabari mwenzao mmoja.

Mwanahabari huyo ni Hunter S. Thompson, mzaliwa wa Louisville, jimbo la Kentucky, aliyekuwa na miaka 33. Avoka ni Oscar Zeta Acosta, mzaliwa wa El Paso, Texas, mwenye miaka 35, mtoto wa familia yenye asili ya Mexico. Walifahamiana tangu mwaka 1967 huko Aspen, jimbo la Colorado.

Mwaka 1970 kila mmoja alifanya wazimu ule ule upande wake: aligombea kiti cha sherifu, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, ambaye kule Marekani huchaguliwa kwa kura. Acosta aliahidi wakaaji wa Los Angeles kwamba akishinda ataivunja idara yenyewe ya sherifu. Alipata kura zaidi ya 100,000, lakini aliyekuwa kitini alimshinda mbali sana. Thompson naye, huko milimani, aliahidi kung'oa lami ya barabara za Aspen na kupanda majani. Alinyoa kichwa chote ili apate kumwita mpinzani wake, ambaye nywele zake zilikuwa fupi kama za askari, "mwenye nywele ndefu". Naye pia alishindwa.

Acosta hakuwa mtu wa mchezo kwenye tribinali. Mwaka 1968 wanafunzi wa mashariki ya Los Angeles walitoka madarasani kwa maelfu wakidai shule bora, na watu 13 wakashitakiwa kwa kupanga njama. Acosta ndiye aliyewatetea. Ili kuonyesha kwamba watu wenye asili ya Mexico hawapewi nafasi katika jopo la raia linaloamua nani ashitakiwe, aliwaita majaji zaidi ya 100 waje kutoa ushahidi, mmoja baada ya mwingine, waeleze walimpendekeza nani na kwa nini. Tuseme tu kwamba majaji hawapendi kuketi upande ule wa chumba.

Ruben Salazar alizaliwa Ciudad Juárez, Mexico, mwaka 1928. Kwa gazeti la Los Angeles Times alituma habari kutoka vita vya Vietnam na kutoka Jamhuri ya Dominika. Mwaka 1970 alikuwa mkurugenzi wa habari kwenye KMEX, televisheni ya lugha ya Kihispania, na bado aliandika safu yake katika Times. Aliandika juu ya shule, kazi na namna polisi walivyowatendea Wachicano, kama walivyojiita Wamarekani wenye asili ya Mexico. Wakubwa wa polisi hawakufurahia habari zake.

Siku ya posho, tarehe 29 mwezi wa nane 1970, maelfu ya Wachicano waliandamana mashariki ya Los Angeles wakipinga vita vya Vietnam, ambako vijana wao walikuwa wanakufa kwa wingi. Familia nzima zilikuwemo, na watoto. Mwandamano ulifika Laguna Park. Hapo askari wa sherifu waliingia kutawanya watu kwa fimbo na gazi ya machozi, na fujo ikaenea hadi barabara ya Whittier, ambako maduka yalichomwa.

Jioni Salazar na mwenzake wa kazi waliingia ndani ya baa moja, Silver Dollar, wakaketi kunywa bia. Askari walifika wakisema wameambiwa ndani kuna mtu mwenye bunduki. Mlangoni palitundikwa pazia tu. Askari mmoja alifyatua kombora la gazi kupitia pazia hilo, na halikuwa la kawaida: lilikuwa la aina inayotengenezwa kwa kutoboa kuta. Lilimpiga Salazar kichwani, akafa papo hapo. Alikuwa na miaka 42.

Uchunguzi ulifanywa mbele ya watu na kuonyeshwa kwenye televisheni. Jopo lilisema kwa wingi wa kura kwamba Salazar alikufa kwa mkono wa mtu mwingine. Mtu angetazamia mashitaka. Hayakufunguliwa, wala kwa yule askari wala kwa wakubwa wake. Miaka iliyofuata wilaya iliilipa familia ya marehemu pesa, na kwa upande wa sheria mambo yakaishia hapo.

Hiyo ndiyo kazi iliyomleta Thompson Los Angeles mwanzoni mwa 1971: kuandikia jarida la Rolling Stone makala juu ya kifo hicho. Acosta alikuwa mlango wake. Alimjua kila mtu kwenye kartie, alijua faili, alijua nani anasema kweli na nani anaogopa. Ila hawakuweza kuongea. Acosta alizungukwa usiku na mchana na vijana wanaharakati waliomlinda, na vijana hao hawakuona sababu yoyote ya kumwamini mwanahabari mzungu aliyetoka milimani na daftari. Maswali ya Thompson yalikuwa mazito, na kila mara kulikuwa na masikio kumi ndani ya chumba. Mwenye kufanya kazi ya habari Goma ao Bukavu haitaji kuelezwa hali ya namna hiyo.

Ndipo gazeti la michezo, Sports Illustrated, lilimwomba Thompson kitu kidogo kabisa: maneno 250 ya kuweka chini ya picha za Mint 400, mashindano ya pikipiki na vigari vya mchangani karibu na Las Vegas. Kazi ya saa moja, lakini ilikuwa na mambo mawili mazuri: ilikuwa mbali, na ilikuwa na motokari. Thompson alimwambia rafiki yake apande.

Katika kitabu kilichozaliwa na safari hiyo, gari ni Chevrolet kubwa nyekundu iliyofunguliwa paa, na mwandishi analiita papa mwekundu, yule samaki wa meno. Linapita Barstow, katikati ya jangwa la Mojave, redio ikipiga kwa nguvu. Katika sehemu ya pili linarudishwa likiwa limeharibika, na badala yake inachukuliwa Cadillac nyeupe. Msomaji asishike kila neno kama ushahidi, kwa sababu Thompson alichanganya yaliyotokea na aliyoyabuni, na hakuficha. Lakini barabara ni ya kweli, na faida ya barabara pia. Ndani ya gari lisilo na paa, upepo ukivuma, hakuna mtu wa tatu anayesikia. Mambo ya Salazar ambayo hayakusemeka Los Angeles yalisemeka njiani.

Kiisha Thompson alirudi, akajifungia katika hoteli moja huko Arcadia, kando ya Los Angeles, kuandika makala ya Salazar. Ilikuwa kazi ngumu, ya kupima kila neno la askari na la shahidi. Alfajiri, akili ikiwa imechoka, alijipumzisha kwa kuandika kurasa chache za vichekesho juu ya Las Vegas. Sports Illustrated, lililoomba maneno 250, lilipokea karibu 2,500 na kuyakataa. Rolling Stone liliziona kurasa zile na kutaka nyingine. Mwezi wa nne marafiki hao wawili walirudi Las Vegas, safari hii penye mkutano wa waendesha mashitaka juu ya madawa ya kulevya, ambako wao ndio waliopashwa kuogopa zaidi.

Makala ya Salazar ilitoka mwezi wa nne 1971. Hadithi ya Las Vegas ilitoka mara mbili mwezi wa kumi na moja, na mwaka 1972 ikawa kitabu, Fear and Loathing in Las Vegas. Kilichotokea ni jambo la kusikitisha kidogo: kichekesho kilichoandikwa kwa kujipumzisha kilizunguka dunia nzima, mwaka 1998 kikawa filamu ya Johnny Depp na Benicio del Toro, na kazi yenyewe iliyowapandisha garini inasomwa na wachache.

Aliyeumia zaidi na kitabu hicho ni rafiki wa kwenye kiti cha pembeni. Thompson alikuwa amembadilisha avoka wake kuwa Msamoa, mtu wa visiwa vya Pasifiki, ili asitambulike. Mawakili wa mchapishaji waliona kwamba hilo halitoshi, wakataka sahihi ya Acosta kabla ya kuchapa. Acosta alikasirika, lakini si kwa sababu walizozitazamia. Madawa na vurugu hayakumsumbua sana. Kilichomchoma ni kwamba yeye, Mchicano aliyepigania jina la watu wake kwenye tribinali, alikuwa amevuliwa kabila lake. Alitaka jina lake na picha yake viwe kwenye kitabu. Picha ikawekwa nyuma ya jalada: Thompson na Acosta wameketi pamoja Las Vegas, glasi mbele yao. Kampuni ya vitabu ya Rolling Stone ilichapisha pia vitabu viwili vya Acosta mwenyewe, mwaka 1972 na 1973. Cha pili kinaeleza, kwa majina yaliyobadilishwa, kesi zile na kifo cha Salazar.

Laguna Park leo inaitwa Ruben Salazar Park, na mwaka 2008 posta ya Marekani ilitoa stempu yenye sura ya mwanahabari huyo.

Acosta hana kaburi. Mwaka 1974 alipotea upande wa Mazatlán, kwenye pwani ya Mexico. Mwana wake ndiye aliyezungumza naye mara ya mwisho, kwa simu. Mwili wake haukuonekana mpaka leo. Mwaka 1977 Thompson aliandika makala ndefu ya kumwomboleza, na ndani yake bado anamtafuta.