Nyumba za Mawe za Pangani: Zilivyojengwa na Namna ya Kuzitunza

Katika karne ya 19, kingo za Mto Pangani zilikuwa na mashamba makubwa ya miwa, na sukari iliyotoka humo iliwatajirisha wenye mashamba. Mmoja wao alikuwa Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888 na kunyongwa papa hapa Pangani mwezi Desemba 1889. Utajiri huo ulitokana na jasho la watumwa, na sehemu yake iligeuzwa kuwa nyumba za mawe, mjini na mashambani. Baadhi ya nyumba za zama hizo zingali zinakaliwa na familia hadi leo. Usalama wa familia hizo unategemea kuelewa namna kuta zinazowazunguka zilivyojengwa.

Mawe, chokaa na boriti

Mawe yaliyotumika ni matumbawe. Yale magumu yalichimbwa nchi kavu na kujengewa kuta. Yale mepesi yalitolewa baharini, yakachongwa yakiwa bado na unyevu, na kutumika penye urembo kama vile vidaka na miimo ya milango. Chokaa nayo ilitokana na matumbawe hayo hayo: yalipangwa juu ya lundo la magogo, yakachomwa, kisha yakazimwa kwa maji. Chokaa iliyozimwa ilichanganywa na mchanga, ikawa udongo wa kujengea na lipu ya kukandikia.

Ukuta wa namna hii huwa na unene wa nusu mita au zaidi. Jua la mchana hulipasha jiwe polepole, na ndiyo maana ndani hubaki baridi wakati nje kuna joto kali.

Umbo la vyumba liliamuliwa na mti. Dari na sakafu za juu zilibebwa na boriti za mikoko, ambazo kwa kawaida huvuka nafasi isiyozidi mita tatu hivi. Kwa hiyo vyumba vilikuwa virefu lakini vyembamba. Juu ya boriti yalipangwa mawe bapa, kisha ikamwagwa chokaa iliyochanganywa na kokoto na kupigwa kwa vipande vya mti hadi ikashikana. Sakafu hiyo ni nzito mno, na uzito wake wote hutua kwenye ncha za boriti zilizofukiwa ukutani.

Madhara ya saruji

Ukuta wa chokaa hupumua. Maji ya mvua na unyevu unaopanda kutoka ardhini huingia ndani yake, kisha hutoka kwa njia ya lipu na kukaushwa na upepo. Mwenye nyumba anayeona lipu ya zamani ikibanduka mara nyingi huona saruji kuwa dawa, kwa kuwa ni ngumu na hupatikana dukani. Lakini saruji huufungia unyevu ndani. Chumvi hujikusanya nyuma ya lipu mpya, uso wa jiwe humomonyoka, na lipu huanguka pamoja na kipande cha ukuta. Hatari kubwa zaidi haionekani: ncha za boriti huoza ndani ya ukuta, wakati upande unaotazama chumbani bado unaonekana mzima.

Jengo likifikia hapo huweza kuanguka ghafla. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Unguja lililojengwa mwaka 1883, liliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha.

Mambo ya kuzingatia

Kinga ya kwanza ni paa. Bati lililotoboka au mfereji ulioziba huharibu nyumba ya mawe kuliko miaka mia ya jua, hivyo vikaguliwe kabla ya masika. Miti inayoota ukutani ing'olewe ingali michanga. Lipu irudishiwe kwa chokaa na mchanga, si kwa saruji. Dari ikianza kulegea, au ufa ukiendelea kupanuka, chumba kihamwe kwanza. Fundi aitwe baadaye.

Ukarabati wa jengo unahitaji kibali cha ujenzi kutoka halmashauri. Majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863 yanalindwa pia na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na hayaruhusiwi kubadilishwa wala kubomolewa pasipo idhini. Kung'oa mawe kwenye gofu ili kujengea msingi mpya ni kosa, hata kama gofu halina mwenyewe anayejulikana. Boriti za mikoko nazo hazikatwi bila kibali cha mamlaka ya misitu.

Mkazi mwenye shaka kuhusu nyumba yake aanzie kwa mtendaji wa kata, ili taarifa imfikie mhandisi wa wilaya. Ni vyema afanye hivyo wakati wa kiangazi, kwani ukuta uliolowa haungoji.