Uhuru na Galaksi Zilizojificha

Wajukuu zangu wa Majengo, sogeeni. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikisherehekea miaka 7 ya kujitawala, roketi iliruka kutoka jukwaa la Waitaliano baharini, pale Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilibeba setilaiti ya Wamarekani, nao kwa heshima ya siku ile wakaiita Uhuru.

Kazi yake ilikuwa kusaka eksirei zitokazo angani. Ndiyo, eksirei zilezile wanazopigia picha mfupa uliovunjika! Za angani hazifiki hapa Songea, maana hewa huzizuia; sharti uzifuate hukohuko juu. Uhuru ikaorodhesha vyanzo 339.

Sasa hapa ndipo ninapopapenda. Uhuru ilijua eksirei zinatoka upande gani, lakini si kwa nani hasa. Ukisikia ngoma usiku unajua inalia upande wa Matogoro, ila nyumba yenyewe huijui. Katika kipande kile cha anga mna nyota na galaksi chungu nzima. Mwenyewe ni yupi?

Wanaastronomia wakaelekeza huko darubini za mwanga wa kawaida, kisha wakautenganisha mwanga wa kila mshukiwa rangi moja moja. Baadhi ya galaksi zikaonyesha mistari ya haidrojeni inayong'aa, mipana ajabu. Kwa nini mipana? Kwa sababu gesi yake inazunguka maelfu ya kilomita kwa sekunde. Nyingine inatujia, nyingine inatukimbia, na rangi inatanuka. Mbio hizo zinataka kitu kizito mno cha kuivuta: shimo jeusi lenye uzito wa mamilioni ya majua. Gesi ikilikaribia hupata joto lisilosemeka, na eksirei humwagika. Hizo ndizo galaksi hai.

Carl Seyfert wa Marekani alishaieleza mistari hiyo mwaka 1943, bila kujua habari za eksirei za galaksi hizo. Setilaiti ya Waingereza, Ariel 5, iliyorushwa Ngomeni palepale mwaka 1974, ndiyo iliyosaidia kuonyesha kwamba galaksi hizo, ziitwazo za Seyfert, ni watoaji wakubwa wa eksirei.

Mwezi wa Mei, saa tatu usiku, tazameni kusini mpaka muuone Msalaba wa Kusini. Juu yake, kushoto kidogo, ipo Centaurus A, galaksi hai ambayo Uhuru iliipata. Mwanga wake umesafiri miaka kama milioni 12. Kwa macho matupu hamtaiona. Azimeni darubini ya mkononi, mtafute doa hafifu, na mkilipata mwiteni mwalimu wenu naye alione.