Je, Wajua? Thelma Ritter, Mwanamke wa Dakika Chache

Je, wajua kwamba Thelma Ritter aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike mara 6, nne kati ya hizo mfululizo, na hakuipata hata moja? Hakuna aliyeteuliwa mara nyingi zaidi yake katika kundi hilo. Mara ya mwisho, kwa filamu ya Birdman of Alcatraz ya 1962, tuzo ilikwenda kwa Patty Duke, binti wa miaka 16.

Je, wajua kwamba aliingia kwenye sinema akiwa ameshavuka miaka 40? Alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1902, akasomea uigizaji, akapanda jukwaani, akalea watoto wawili, akafanya kazi redioni. Filamu yake ya kwanza ni Miracle on 34th Street ya 1947. Humo ni mama aliyechoka kuzunguka madukani, kisha Baba Krismasi wa duka la Macy's anamwelekeza kwa washindani wao akanunue gari la zimamoto la mwanawe. Jina lake halikuandikwa kabisa kwenye orodha ya waigizaji.

Je, wajua kwamba katika Rear Window ya Alfred Hitchcock, 1954, yeye ndiye muuguzi Stella, anayemkanda mgonjwa wake mgongo huku akimpa mawaidha ya ndoa?

Kazi yake kubwa kuliko zote, kwangu mimi, ni Moe wa Pickup on South Street, 1953. Moe anauza tai mitaani, na kwa siri anawauzia polisi habari za wezi wa mifukoni. Kila senti anaiweka akiba anunue kaburi lenye jiwe, asije akazikwa na maskini wasio na wenyewe. Usiku mmoja anarudi chumbani hoi, anaweka santuri, na muuaji anamkuta hapo akidai anwani ya kijana mmoja. Huyo Moe hamuuzi. Ritter hapazi sauti wala halii. Anazungumzia uchovu wake tu, mwili mzima ukiwa umelegea kitandani, na mtazamaji anajua mama huyu ameshakubali kufa. Steringi wa filamu hiyo ni Richard Widmark, lakini mimi simwoni mwingine pale ila Moe.

Je, wajua kwamba tuzo ya Tony, ya michezo ya jukwaani, aliipata? Ni mwaka 1958, kwa tamthilia ya nyimbo New Girl in Town, akaigawana na mwenzake wa jukwaa hilohilo, Gwen Verdon.

Na je, wajua hili? Katika All About Eve, 1950, Ritter ni Birdie, mtumishi wa Bette Davis na mtu wa kwanza kumshtukia Eve, msichana mwenye hila. Mwaka 1955 aliigiza mama wa Bronx katika mchezo wa televisheni The Catered Affair, akateuliwa kuwania Emmy. Mwaka uliofuata mchezo ukageuzwa filamu, na nafasi ya mama yule akapewa Bette Davis.