Je, wajua? Mkate wa duara hujigeuza wenyewe mafutani

Mikate ya Kongo ni madonge madogo ya unga wa ngano uliochachuka, yakakaangwa katika mafuta mengi hadi yakawa na ganda la kahawia nje na ndani yakabaki laini. Si mkate wa kukatwa vipande. Kila mmoja una kipenyo cha sentimita 4 hivi na huliwa kwa mkono, pamoja na chai au karanga za kukaanga. Katika miji ya Kongo, Malemba-Nkulu ikiwamo, mikate hii huuzwa asubuhi kando ya njia, na siku ya ndoa, ubatizo au matanga hujazwa kwenye masinia na kupitishwa kwa wageni. Kupikwa kwake hakuhitaji tanuri, kopo la kuokea wala umeme. Kazi yote ya tanuri hufanywa na mafuta ya moto na umbo la duara.

Jamaa zake ni wengi. Pwani ya Afrika Mashariki kuna kalimati, zinazovikwa shira na kuliwa sana jioni za Ramadhani. Oman na nchi za Ghuba kuna luqaimat, Nigeria kuna puff-puff, Ghana kuna bofrot, na Uholanzi kuna oliebollen za mwisho wa mwaka. Ukoo huu ni wa kale: kitabu cha mapishi kilichoandikwa Baghdad mwaka 1226 na Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi kinaeleza vidonge vya unga uliochachuka, vilivyokaangwa katika mafuta ya ufuta kisha vikachovywa kwenye shira. Mdogo wao kwa umri ni keki ya kijiti, ambayo ni chengachenga za keki zilizofinyangwa duara, zikachomwa kijiti na kuvikwa chokoleti. Mmarekani Angie Dudley aliieneza kuanzia mwaka 2008, na kitabu chake juu ya keki hizo kikatoka mwaka 2010.

Vitu vinavyohitajika

Malemba-Nkulu iko kando ya mto Lualaba, katika bonde la Upemba, kwenye jimbo la Haut-Lomami lililozaliwa mwaka 2015 baada ya Katanga kugawanywa. Chakula kikuu cha huko ni ugali wa muhogo au mahindi pamoja na samaki wa mtoni na maziwani. Ngano si zao la bonde hilo lenye joto, kwa hiyo unga wake hutoka mbali. Njia ya zamani ya bidhaa za namna hiyo ni reli ya kutoka Lubumbashi hadi Bukama, iliyofika huko mwaka 1918, halafu mashua za kuteremka na Lualaba. Mafuta, kinyume chake, yapo karibu, kwani michikichi humea bondeni na mawese hukamuliwa vijijini.

Kwa mikate 40 hutosha unga wa ngano gramu 500, sukari gramu 100, kijiko kidogo cha chumvi, chachu kavu gramu 7, maji ya uvuguvugu mililita 375 hivi, na lita moja ya mafuta. Donge likiwa zito huchanwa kwa vidole. Likiwa la kiasi hiki cha maji huwa rojo zito linalonata, linalovutika bila kukatika, na hilo ndilo linalofaa.

Kazi ya unga na chachu

Unga wa ngano una protini mbili, glutenini na gliadini, ambazo zikikutana na maji na kupigwapigwa kwa mkono hushikana na kuwa utando wa nyuzi unaovutika, uitwao gluteni. Unga wa muhogo na wa mahindi hauna utando huo. Ndiyo maana mkate wa muhogo mtupu haufuri, bali hubaki mzito au kupasuka. Hata hivyo, sehemu moja ya muhogo kwa sehemu tisa za ngano haiharibu kitu, na hupunguza gharama. Shirika la FAO lilianzisha mpango wake wa unga mchanganyiko mwaka 1964 kwa sababu hiyohiyo, yaani kuzisaidia nchi zisizolima ngano zitumie mazao yao wenyewe. Ndizi mbivu iliyopondwa nayo huongeza utamu na rangi, ila maji ya kukandia hupunguzwa.

Chachu ni kiumbe hai cha jamii ya kuvu, chenye seli moja. Hula sukari na kutoa kileo kidogo pamoja na hewa ya kaboni dioksaidi. Mfaransa Louis Pasteur alionyesha kuanzia mwaka 1857 kwamba kuchacha ni kazi ya viumbe hai, si kuoza kwa bahati. Hewa inayotolewa hunaswa na utando wa gluteni, na donge likavimba kwa maelfu ya vipovu.

Chachu hupenda joto la nyuzi 27 hadi 35 za Selsiasi, na hufa joto linapofika karibu na nyuzi 60. Kwa hiyo maji yanayounguza mkono huiua kabla haijaanza kazi. Mahali nako huamua muda. Malemba-Nkulu iko karibu mita 600 juu ya usawa wa bahari, na siku ya joto donge hujaa kwa saa moja hivi. Kamina, makao makuu ya jimbo, iko juu zaidi, karibu mita 1,100, na usiku wa Juni au Julai huwa na baridi, hivyo donge lilelile huweza kuhitaji saa mbili au zaidi. Dalili ya kuaminika ni donge kufikia mara mbili ya ukubwa wake wa mwanzo, si mishale ya saa.

Ndani ya mafuta

Mpishi hukamata rojo kwa mkono uliolowa maji, akakunja ngumi, na kidonge hutokeza kati ya kidole gumba na cha shahada. Hukidondosha karibu na uso wa mafuta ili yasiruke. Mafuta yanatakiwa kuwa na joto la nyuzi 170 hadi 180. Pasipo kipimajoto, ncha ya kijiti kikavu cha mti hutumbukizwa: ikizungukwa mara moja na vipovu vidogo vya kufululiza, mafuta yako tayari, yakitoa moshi, yamepita kiasi. Kwenye mbabula, yaani jiko la makaa, joto hupunguzwa kwa kuondoa makaa machache, au kwa kuongeza vidonge vingine, kwani kila kidonge kibichi hupoza mafuta.

Kidonge huzama kwanza, kisha huibuka baada ya sekunde chache. Hewa iliyomo ndani yake, ikitoka nyuzi 30 hadi 100, huongezeka ujazo kwa zaidi ya moja ya tano, na maji yanayogeuka mvuke huongeza msukumo. Gramu moja tu ya maji hutoa takriban lita 1.7 za mvuke. Kidonge huwa chepesi kuliko mafuta kiliyoyasukuma, kikaelea nusu juu na nusu chini.

Hapo ndipo linapotokea jambo linalowafurahisha watoto. Upande uliozama huiva, hupanuka na kuwa mwepesi, wakati upande wa juu bado ni mbichi na mzito. Uzito ukiwa juu na wepesi chini, kidonge hakiwezi kutulia. Kikiguswa kidogo, au hata bila kuguswa, hubiringika na kuutumbukiza upande mbichi. Kidonge cha bapa hakifanyi hivyo. Kinachojigeuza ni cha duara, kwa kuwa hakina pembe ya kukizuia, na ndiyo sababu mikate iliyofinyangwa vizuri hupata rangi sawa pande zote.

Rangi hiyo ni matokeo ya kemia iliyoelezwa na Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912. Joto linapopita nyuzi 140 hivi, sukari na vijenzi vya protini hushikana na kuzaa mamia ya viambata vyenye rangi ya kahawia na harufu ya kuvutia. Ndani ya mkate hali ni nyingine. Maadamu maji yamo, joto halizidi nyuzi 100 hivi, kwa hiyo wanga huvimba na kuiva, protini huganda, na nyama ya mkate hubaki nyeupe na laini.

Ukubwa una maana kubwa. Muda wa joto kufika katikati ya donge hukua kwa mraba wa kipenyo. Mkate wa sentimita 4 huiva kwa dakika 4 hivi. Wa sentimita 8 ungehitaji mara nne ya muda huo, na ganda lake lingeungua moyo ukiwa bado mbichi. Lakini udogo nao una gharama, kwa kuwa madonge mengi madogo yana ngozi nyingi kuliko machache makubwa, na ngozi ndiyo inayobeba mafuta. Duara hupunguza gharama hiyo: kwa ujazo uleule, hakuna umbo lenye eneo dogo la nje kuliko duara.

Wengi hudhani kwamba mkate hunyonya mafuta ukiwa sufuriani. Kwa kweli, unapokaangwa mvuke hutoka kwa nguvu na kuyazuia mafuta yasiingie. Sehemu kubwa ya mafuta huingia baada ya mkate kuopolewa: mvuke hupoa na kurudi kuwa maji, nafasi hubaki tupu, na mafuta yaliyo juu ya ganda huvutwa ndani. Hivyo mikate huchujwa papo hapo, ingali moto, kwenye chujio au karatasi safi, bila kurundikwa. Mafuta yasiyo na moto wa kutosha huleta ubaya mwingine, kwani ganda huchelewa kukaza na mkate hulowa.

Mawese yanafaa kazi hii. Karibu nusu ya mafuta yake ni ya aina isiyoharibiwa upesi na hewa na joto. Wekundu wake hutokana na karotini, ambazo mwili hugeuza kuwa vitamini A. Wapishi wengi huyachoma mawese kwanza mpaka yafifie rangi, ili mikate isiwe myekundu wala isitawaliwe na ladha yake, ingawa hatua hiyo huziharibu karotini.

Kupamba kwa sherehe

Mikate ikipoa huweza kuchomwa vijiti safi vya mianzi, mmoja au mitatu mitatu, na kuvikwa kitu kitamu. Chokoleti hupendeza, lakini siagi ya kakao huyeyuka karibu na nyuzi 34, na mchana wa Septemba au Oktoba bondeni joto hupita nyuzi 30. Chokoleti hulainika sinia likiwa bado halijazunguka. Shira huvumilia zaidi. Vikombe viwili vya sukari na kimoja cha maji huchemshwa mpaka tone likivutwa kati ya vidole viwili litoe uzi. Matone machache ya ndimu huvunja sehemu ya sukari kuwa glukosi na fruktosi, na shira haigandi chengachenga. Kabla shira haijakauka, karanga zilizokaangwa na kutwangwa hunyunyizwa juu.

Mafuta yaliyotumika huchujwa yakipoa na hufaa tena mara chache. Yakiwa meusi, yakitoa povu lisilotulia au moshi mapema, yamwagwe. Yakishika moto, maji hayafai kabisa, kwani hugeuka mvuke ghafla na kuyarusha mafuta yanayowaka: sufuria hufunikwa kwa kifuniko na kuondolewa motoni. Mikate yenyewe huliwa siku ileile. Usiku mmoja unatosha wanga kurudi kuwa mgumu, na kwenye friji huwa mgumu upesi zaidi kuliko mezani. Ikibaki, hupashwa moto kwa dakika chache kwenye sufuria kavu iliyofunikwa, ikalainika tena.