MATABAKA YA HEWA JUU YA EASTLANDS

Mwalimu wa Kaloleni, Bahati au Jericho afundishapo habari za matabaka ya hewa, mfano anao mlangoni. Asubuhi yenye baridi na utulivu, moshi wa mitaa hupanda kidogo tu, kisha hutanda juu ya mapaa kama dari.

Tabaka la chini, liitwalo troposfia, katika nchi za Ikweta hufika kadiri ya kilomita 16. Humo ndimo yalimo mawingu na mvua. Hewa yake hupata joto kutoka ardhini. Ndiyo sababu Mlima Kenya, wenye mita 5,199, hupata theluji ingawa uko Ikweta. Juu yake ni stratosfia, yenye ozoni itukingayo na miali mikali ya jua. Tangu mwaka 1996 wataalamu wa hali ya hewa huko Dagoretti Corner, Nairobi, wamerusha maputo yenye vyombo vya kuipima ozoni hiyo, nayo huweza kupanda hadi kilomita 30 hivi kabla ya kupasuka.

Lakini usiku mtulivu ardhi hupoa upesi, na hewa iliyoigusa huwa baridi kuliko ile ya juu yake. Hewa baridi ni nzito, haipandi. Moshi hunaswa humo. Basi moshi wa taka za Dandora, wa makaa na wa magari hauendi mbali. Hubaki katika hewa wanayovuta watoto waendao shule. Somo hili si la mtihani tu: achomaye taka jioni, huzivuta alfajiri.