Uani, chenga za mchele ni salama kuliko ukoko

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam na Mombasa, sufuria ikishakwanguliwa ukoko hutupwa uani na shomoro hushuka papo hapo. Ni ukarimu mzuri, ila wali wetu una chumvi. Figo za shomoro haziwezi kutoa chumvi nyingi mwilini, na kwa ndege wa gramu 30 hivi, kiasi tusichokionja sisi ni kingi. Chipsi, karanga za chumvi na mabaki ya mchuzi navyo visitupwe huko.

Chenga zinazobaki kwenye ungo zinafaa zaidi. Wapo wanaoamini kuwa mchele mbichi huvimba tumboni hadi kumpasua ndege. Si kweli, mkulima wa Mwea au Mbarali anayeshinda juani akifukuza kwelea kwelea anajua jinsi wanavyoumaliza mpunga na kuruka zao. Mtama, uwele na ulezi ni vyakula vyao vya asili. Papai, embe na ndizi mbivu huwavuta shorewanda na kuzumburu. Mkate hujaza tumbo tu, kwa hiyo uwe kidogo.

Parachichi usiwape kabisa. Lina kemikali iitwayo pesini, ambayo huharibu misuli ya moyo wa ndege. Kasuku wa kufugwa wamekufa kwa kulila.

Kinachonitia hofu zaidi ni mahindi na karanga zilizoota ukungu, zile tunazozichambua na kuona ni hasara kuzitupa, basi tukawamwagia ndege. Humo mna sumukuvu. Ilitambuliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kula mashudu ya karanga yenye ukungu. Mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyohiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Hushambulia ini, na kupika hakuiondoi. Punje hizo zifukiwe, kuku nao wasipewe.

Vichwa vya dagaa na mabaki ya nyama huleta kunguru, ndege aliyeingizwa Zanzibar miaka ya 1890 na ambaye hula mayai na makinda ya ndege wadogo. Ukitaka shomoro na chozi wazoee uani kwako, weka sahani pana ya maji, uisugue na kubadilisha maji kila siku, kwa sababu kinyesi cha ndege mmoja mgonjwa kinatosha kuwaambukiza wenzake.