Kahawa na mtihani: funzo kutoka kwa samaki

Msimu wa mitihani ukifika, wazazi wengi huwaandalia vijana wao birika la kahawa chungu ili wakeshe wakisoma. Kukesha kwa kahawa si jambo geni. Masufi wa Yemen waliitumia katika ibada za usiku tangu karne ya 15. Lakini je, kahawa nyingi humsaidia mtu kukumbuka?

Kinachoondoa usingizi ni kafeini, iliyomo pia katika chai, soda za kola na vinywaji vya kuongeza nguvu. Kafeini huizuia kemikali iitwayo adenosini isiupe ubongo taarifa kwamba umechoka. Uchovu wenyewe haujaondoka.

Wanasayansi huichunguza kafeini kwa samaki mdogo wa Asia ya Kusini, mwenye mistari kama ya pundamilia na urefu wa sentimita 4 hivi. Homoni yake kuu ya msongo ni kotisoli, kama yetu, na takriban asilimia 70 ya jeni zetu zina mfano wake kwake.

Samaki huyu akitiwa katika tangi geni, kwanza huzama chini kwa hofu, kisha baada ya dakika chache hupanda juu. Aliyepewa kafeini nyingi hukawia chini, akienda huku na kule kwa kushtukashtuka. Katika majaribio ya kujifunza, kiasi kidogo kilisaidia, kikubwa kikaharibu.

Samaki si mtu, na kipimo chake si chetu. Hata hivyo, kijana aliyezidisha kahawa naye huenda moyo mbio, hutetemeka mikono na hukosa utulivu. Tena, kwa mtu mzima kafeini huchukua saa 5 hivi kupungua nusu. Ya kahawa iliyonywewa baada ya Isha, saa 2 usiku, nusu ingalimo mwilini saa 7 usiku. Na usingizini ndipo ubongo huyaimarisha yaliyosomwa mchana.

Basi mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 400 kwa siku, yaani vikombe vikubwa 4 hivi vya kahawa. Mjamzito asizidishe 200. Watoto wadogo wasipewe kahawa. Mwanafunzi atosheke na kikombe kimoja mchana, alale mapema, aamke Alfajiri, aswali, kisha asome akili ikiwa imetulia. Aliyezoea nyingi apunguze kidogo kidogo, hasa Ramadhani inapokaribia, kwani kuacha ghafla huleta maumivu ya kichwa.